Bei ya Barabara ya Mtaa Ikipanda, Fupisheni Urefu Kabla ya Kugusa Unene

Makadirio ya kwanza ya barabara ya mtaa huwakusanya watu. Bei inatajwa, inagawanywa kwa idadi ya nyumba, kila mmoja anaona fungu lake linabebeka, mikono inanyooshwa. Baada ya miezi michache mkandarasi anarudi na bei nyingine. Fungu limepanda kwa theluthi nzima, na wapo waliokwisha kulipa. Hapo ndipo maneno yanapoanza: kamati imekula, mkandarasi ni tapeli, hii lami ni ya wenye magari. Nimekaa katika vikao vya aina hiyo kwenye mitaa inayokua pembezoni mwa Dar es Salaam, na nimeona majirani waliozikana na kuozeshana watoto wakiacha kusalimiana, kwa sababu tu hakuna aliyeuliza mapema: kilichopanda ni nini hasa?

Nawaandikia nyinyi mnaoishi Goba, Salasala, Madale, Kinyerezi, Msongola, Kibada na kwingineko kama huko. Barabara yenu ni kifusi kilichomwagwa na kusambazwa na greda. Kiangazi ni vumbi mpaka kwenye mapazia, masika ni matope, na mmeamua kujichanga kuliko kuendelea kusubiri. Uamuzi huo nauheshimu. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017 na kupokea jukumu lililokuwa la halmashauri. TANROADS wana barabara kuu na za mikoa. Mtandao wa TARURA unapita kilomita 100,000, na hata baada ya kuongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli katika mwaka wa fedha 2021/22 ili fedha hizo ziende kwenye barabara za vijijini na mijini, foleni ya mitaa inayosubiri ni ndefu. Kujichanga kuna mantiki. Ila kuna njia ya kujichanga inayoleta barabara, na kuna njia inayoleta ugomvi pamoja na barabara ya misimu miwili.

Ushauri wangu mkuu nautoa sasa hivi, kabla ya maelezo: gharama ikipanda, fupisheni barabara. Msipunguze unene wake, na msifute mtaro. Mita 200 zilizojengwa sawasawa ni mali ya mtaa kwa miaka mingi. Mita 400 zilizojengwa kwa kubana zitadumu mpaka mvua kubwa ya kwanza, na hamtapata watu wa kuchanga mara ya pili.

Tuanze na karatasi. Jumla ya gharama ni vitu viwili vilivyozidishwa: kiasi cha kazi na bei ya kila kipimo. Mkandarasi akileta jumla peke yake, mrudishieni kwa adabu, mwambieni alete mchanganuo: mita za ujazo za kuchimba na kutoa udongo, mita za ujazo za kifusi cha msingi, mita za mraba za lami au vitofali, mita za urefu wa mtaro, idadi ya makalavati, na bei ya kila kimoja. Makadirio ya pili yakija, yalazeni mezani kando ya yale ya kwanza na mpitie mstari kwa mstari. Mtagundua ama bei imepanda na kiasi kimebaki, au kiasi kimeongezeka na bei imebaki, au vyote viwili. Ni magonjwa tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Chukueni mtaa wenye barabara ya mita 400, upana mita 5.5. Eneo lake ni mita za mraba 2,200. Msingi wa sentimita 15 ukishashindiliwa ni mita za ujazo 330. Kifusi kikiwa hakijashindiliwa huchukua nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo tuseme kama 420, yaani tipa 28 za mita za ujazo 15. Sasa mhandisi achimbe akute nusu ya mtaa ina udongo mfinyanzi unaovimba ukilowa. Lazima utolewe, tuseme sentimita 30 kwenda chini. Hapo kuna mita za ujazo 330 za kuchimba: karibu tipa 28 za kutoa udongo mbovu na nyingine 28 za kuleta kifusi cha kujazia. Safari za tipa zimekuwa mara tatu, na hakuna aliyeiba. Kilichotokea ni kwamba makadirio ya kwanza yalifanywa na mtu aliyepita kwa miguu akatazama juu ya ardhi.

Ndiyo maana nasema fedha ya kwanza mnayochanga iwe ya uchunguzi. Chimbeni mashimo machache kando ya barabara, yafike usawa wa goti au zaidi, mmwite mhandisi ayaone. Kuna kifaa rahisi cha fimbo ya chuma yenye ncha kinachogongwa kwa uzito kwenda chini. Kila pigo linaonyesha ardhi ina ugumu gani, na vipimo vya mtaa mzima humalizika kwa siku moja. Mpima ardhi naye achukue miinuko, ajue maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Watu huona uchungu kulipia kitu kisichoonekana. Lakini makadirio yasiyotokana na vipimo ni dua, na ndiyo yanayopanda mkishakusanya fedha.

Bei nazo hupanda kwa sababu zinazojulikana. Lami tunaagiza nje na hulipiwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Mwishoni mwa mwaka huohuo ilikuwa karibu 2,500. Aliyekadiriwa Januari na kununua Desemba alilipa zaidi hata kama bei ya lami duniani haikusogea. Dizeli ndiyo inayoendesha greda, kijiko, mtambo wa kushindilia na tipa, na bei kikomo zake hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mwaka 2022, baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza, lita moja ilivuka shilingi 3,000. Kokoto nyingi za Dar es Salaam hutoka machimbo ya Lugoba, upande wa Chalinze, zaidi ya kilomita 100, na mnapolipia kokoto mnalipia pia safari hiyo. Mkandarasi akisema vifaa vimepanda, mwulizeni ni kifaa gani, kwa kiasi gani, na alete ankara ya muuzaji. Mkandarasi mwaminifu hakasirikii swali hilo.

Kuna ongezeko lingine ambalo huwashtua wengi na halina uhusiano wowote na soko: VAT ya asilimia 18. Bei ya mdomoni mara nyingi haina kodi ndani yake. Anayetaja milioni 100 bila VAT ametaja milioni 118 kwa kampuni iliyosajiliwa kwa kodi hiyo. Makadirio yote mnayolinganisha yaseme wazi kodi imo au haimo, yawe na tarehe ya mwisho ya kuwa halali, na yataje kama usafiri wa mitambo kuja saiti umehesabiwa. Kuleta greda, kijiko na mtambo wa kushindilia kwa malori, kisha kuirudisha, ni gharama ileile mkijenga mita 100 au 400. Kwa hiyo mkijua mtaa wa jirani nao unajichanga, zungumzeni nao. Kuileta mitambo mara moja kwa mitaa miwili kunaokoa fedha ya kweli.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo barabara nyingi za kujichanga zinapofia.

Bajeti ikibana, mtaro ndio unaokuwa wa kwanza kufutwa. Watu husema, "Tuweke lami kwanza, mtaro tutaujenga baadaye." Baadaye haifiki. Barabara haiuliwi na magari ya mtaani, ambayo mengi ni madogo. Inauliwa na maji yanayoingia chini yake na kulainisha msingi, halafu lori moja la mchanga linapita na kukamilisha kazi. Goba na Salasala wanalijua hili kuliko wote: kwenye miteremko ile maji ya mvua hushuka kwa kasi, yakikosa mtaro yanatengeneza wake mwenyewe, na hayachagui kupita pembeni. Kule tambarare tatizo ni kinyume chake. Maji hayaendi popote, yanakaa, na barabara inakuwa imelowekwa wiki nzima. Mtaa wenye mteremko unahitaji mtaro uliojengwa kwa mawe au zege, wenye vipunguza kasi. Mtaa wa tambarare unahitaji mahali pa kuyapeleka maji, na kama mahali hapo hapapo, hilo ndilo la kutatua kabla ya kuzungumzia lami.

Maji yenu lazima yaishie kwenye mto, korongo au mtaro mkubwa unaotambulika. Yasiishie kwenye uwanja wa jirani wa bondeni kwa sababu tu bado hajajenga. Atajenga. Na kabla hajajenga anaweza kwenda mahakamani, naye atakuwa na haki.

Jambo jingine la maji ambalo watu hawalioni mpaka limewafika: kimo. Mkimwaga sentimita 15 za msingi, juu yake mchanga na vitofali, barabara imepanda zaidi ya sentimita 20. Nyumba zilizokuwa sawa na barabara sasa ziko chini yake, na mvua inageuza nyua zao kuwa mabwawa. Mhandisi achimbe kwanza kiasi cha kutosha ili uso mpya wa barabara usiwe juu ya nyua, hasa kwa wenzetu waliojenga zamani wakati mtaa ulikuwa mashamba. Hiyo ni gharama ya kuchimba na kubeba udongo, itaonekana kwenye mchanganuo, na naiunga mkono kila mara. Hatuwezi kumchangisha mzee fedha kisha tumpelekee mafuriko chumbani.

Kabla ya mtambo wowote kufika, nendeni ofisi ya meneja wa TARURA wa wilaya yenu, mkiwa na barua iliyopitia serikali ya mtaa. Kuna sababu nne. Barabara ni ya umma, kwa hiyo kuijenga kunahitaji kibali. Huenda mtaa wenu upo kwenye mpango wa karibu, na mtaepuka kujenga kitu kitakachovunjwa. Wahandisi wao wanaweza kuwaambia viwango vinavyotakiwa, na hata kusaidia usanifu au usimamizi. Na mkionyesha kwamba wananchi mmeshakusanya sehemu, mna hoja nzito ya kuombea greda, kifusi au kalavati. Diwani aipeleke kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mbunge naye aulizwe kuhusu Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, uliopo kwa sheria ya mwaka 2009. Haujengi barabara nzima, lakini kalavati moja kubwa unaliweza. Halmashauri wawaonyeshe mchoro wa mipango miji ili mjue barabara yenu imepangwa kuwa na upana gani. Ukuta uliojengwa ndani ya hifadhi ya barabara ni bora ujulikane sasa, kijiko kikiwa bado hakijafika.

Wakati huohuo waandikieni DAWASA na TANESCO. Mabomba yaliyolazwa juujuu katikati ya barabara yahamishwe au yafukiwe zaidi. Wekeni mabomba matupu ya kuvukia barabara kila baada ya viwanja vichache, ili siku jirani akivuta maji au mtandao asichimbe. Bomba tupu ni bei ndogo sana ukilinganisha na uchungu wa kuona barabara ya miezi mitatu ikikatwa kwa sururu.

Swali la lami, vitofali au zege huchukua muda mwingi kwenye vikao kuliko linavyostahili, kwa hiyo nitalipitia haraka. Lami nyepesi, ile ya kumwaga lami na kusambaza kokoto kwa tabaka, ina bei ya chini mwanzoni, ila haivumilii malori yanayogeuza tairi papo hapo wala maji yanayosimama. Lami nzito ni imara zaidi, lakini kwa kipande kifupi bei yake kwa mita huwa kubwa kwa sababu ya mitambo. Vitofali vya pevingi vinaufaa sana mtaa: vinatengenezwa hapa nchini, havitegemei dola kama lami, fundi wa karibu anaweza kuvipanga, na bomba likipasuka vinafumuliwa na kurudishwa. Vinataka kabi imara, yaani ukingo wa zege, pande zote mbili, la sivyo vinasambaa. Kwenye mteremko mkali vipangwe kuanzia chini kwenda juu, na kuwe na mikanda ya zege inayokatiza barabara ili visiteleze kwenda chini. Mteremko ukizidi sana, kipande hicho kimoja kijengwe kwa zege. Hakuna ubaya wowote mtaa mmoja kuwa na aina mbili.

Kwa vitofali, ulizeni unene. Milimita 60 zinatosha mtaa wa magari madogo; kama tipa na magari ya maji taka yanapita kila siku, chukueni 80. Vitofali vya kawaida vya sentimita 20 kwa 10 vinaingia 50 kwa mita ya mraba, hivyo mtaa wetu wa mfano unataka 110,000. Kwa idadi hiyo mna nguvu ya kudai viwe vimepimwa maabara, na vimwagiliwe na kukomaa kabla ya kuletwa. Kitofali kilichopakiwa siku tatu baada ya kufyatuliwa kitamomonyoka kingo hata kabla watoto hawajakizoea.

Turudi kwenye fedha iliyopungua. Makadirio mapya yamekuja, mmehakiki, ongezeko ni la kweli. Mpunguze nini?

Angalieni upana kwanza. Kutoka mita 5.5 hadi 4.5, eneo linashuka kutoka mita za mraba 2,200 hadi 1,800, na vitofali vinapungua 20,000. Magari mawili madogo bado yanapishana taratibu. Wekeni sehemu pana kidogo kila baada ya mita kadhaa ili lori na gari vipishane, na TARURA wakubali upana huo. Kingo zilizobaki ziwe za changarawe iliyoshindiliwa, zielekee mtaroni. Halafu punguzeni mapambo: rangi za vitofali, nguzo, lango la mtaa lenye maandishi. Nimeona lango zuri likisimama mbele ya barabara iliyokwama nusu.

Kisha urefu. Jengeni kipande kimoja kimalizike kabisa: msingi, mtaro, kabi, uso. Hapa kuna mgogoro ambao ni lazima muujadili waziwazi, kipande kipi kianze. Mkianzia kwenye barabara kubwa kuingia ndani, wakazi wa mwanzo wakishapata yao huchoka kuchanga, na tipa za kujenga sehemu ya ndani zitapita juu ya kazi mpya kwa miezi. Mkianzia ndani kuelekea nje, mmejinusuru na yote mawili, kwa sababu kila mmoja bado anahitaji kipande cha mbele ili afike kwake. Mimi napendelea kuanzia ndani. Mtaro, hata hivyo, una amri yake: lazima uanzie chini, maji yanapotokea, upande kwenda juu. Mtaa ambao maji yake yanatokea upande wa barabara kubwa utajenga mtaro kuanzia huko na uso wa barabara kuanzia ndani. Inaonekana kazi ya kurukaruka, lakini mhandisi ataipanga vizuri mkimweleza mapema.

Na kama fedha haitoshi hata kipande, jengeni barabara nzuri ya changarawe. Nasema hivi bila kuona aibu. Changarawe iliyoshindiliwa kwa tabaka, yenye mgongo katikati ili maji yashuke pande zote, mitaro inayofanya kazi na makalavati yaliyopo mahali pake, inapitika masika yote, na baada ya miaka miwili inakuwa msingi wa lami au vitofali mtakavyoweza kununua. Vumbi litabaki. Lakini hamjapoteza shilingi.

Suala la nani alipe kiasi gani linahitaji moyo kuliko hesabu. Kugawa sawa kwa nyumba ni rahisi na mara nyingi si haki. Mwenye vyumba kumi vya kupangisha na mjane mwenye vyumba viwili hawana uwezo mmoja wala matumizi mamoja. Mwenye ghala anayeingiza malori, mwenye shule ya awali, mwenye baa, hao wanatumia barabara zaidi na watafaidika zaidi. Mwenye kiwanja kitupu hayupo kwenye kikao, ila thamani ya kiwanja chake inapanda siku barabara inapokamilika. Mtafuteni kwa simu, mwandikieni, mpeni nafasi ya kulipa kwa awamu. Wapangaji wasilazimishwe kulipia mali ya mwenye nyumba, ingawa wengi huchangia kwa hiari wakiombwa kwa heshima. Pangeni mafungu mawili au matatu, kila mtu achague lake mbele ya mjumbe wa shina, na muwe na fungu la sifuri kwa wasioweza, linaloamuliwa na watu wawili au watatu wenye busara, kimya kimya, bila kulisoma kikaoni. Mzee anayesema, "Wanangu, mimi nitatoa chai ya mafundi," amechanga. Pokeeni chai yake.

Mchango huu ni wa hiari. Hakuna kamati yenye mamlaka ya kumfungia mtu geti, kumkatia njia au kumtaja kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu hajalipa. Barabara ya umma inabaki ya umma hata mkiijenga kwa jasho lenu. Nayasema haya kwa uzito kwa sababu aibu ya aina hiyo haisahauliki. Mnajenga barabara ili muishi pamoja vizuri zaidi, na anayeshindwa leo anaweza kuwa ndiye atakayeamka usiku kukupeleka hospitali kesho.

Fedha yenyewe isipite kwenye simu ya mtu, hata awe mcha Mungu namna gani. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la mradi, watia saini wawe watatu kutoka sehemu tofauti za mtaa, na taarifa ya benki ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kila mwezi kama ilivyo. Mtunza hazina anayelindwa na karatasi hulala bila wasiwasi, na wasemaji wanakosa la kusema. Msianze kazi mpaka mmekusanya fedha ya kumaliza kipande cha kwanza pamoja na akiba ya dharura, asilimia 10 hivi. Mradi unaoanza kwa ahadi husimama njiani, na mitambo iliyosimama inadai kodi kila siku.

Mkandarasi awe amesajiliwa na CRB, bodi ya usajili wa makandarasi. Makandarasi wamepangwa kwa madaraja saba, kila daraja na ukomo wa thamani ya kazi. Ombeni cheti, kisha kihakikini kwenye bodi yenyewe. Chukueni bei tatu kwa mchanganuo uleule mmoja mliouandaa na mhandisi wenu, maana bei tatu za michoro mitatu tofauti hazilinganishiki. Na yule anayeshuka chini sana kuliko wengine msimshangilie haraka. Mwulizeni atapunguza wapi, kwa kuwa akishaingia saiti ndiye wa kwanza kuja na barua ya nyongeza.

Mkataba useme bei za kila kipimo hazibadiliki kwa muda fulani, tuseme miezi minne, na zikibadilika ni vifaa gani tu na kwa ushahidi gani. Useme kazi ya nyongeza hailipwi bila maandishi ya kamati na mhandisi kabla haijafanyika. Malipo ya awali yawe madogo. Kama mkandarasi hana mtaji, ni afadhali kamati inunue vitofali au saruji moja kwa moja kutoka kiwandani, kwa risiti ya EFD, ilipie mali iliyokwisha kufika. Baada ya hapo lipeni kazi iliyopimwa tu, na kwenye kila malipo mzuie asilimia 10 mpaka mwisho wa kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuangalia kasoro baada ya kukabidhiwa.

Mhandisi msimamizi asiwe ndugu wa mkandarasi wala asilipwe naye. Ninyi wenyewe pia mna macho. Wapangieni vijana wawili waaminifu zamu ya kuhesabu tipa na kuandika namba na saa. Msingi umwagiliwe maji na kushindiliwa kwa tabaka. Anayemwaga sentimita 30 kwa mpigo na kupitisha mtambo juu ameshindilia sehemu ya juu tu. Kabla vitofali havijapangwa, chimbeni vishimo vitatu mnapotaka ninyi, mpime unene kwa futi ya fundi mbele ya wote. Msingi wa sentimita 10 badala ya 15, kwenye mtaa wetu wa mfano, ni mita za ujazo 110 mlizolipia na hazipo, na hakuna atakayeziona tena vitofali vikishalala juu.

Tarehe ya kuanza nayo ni fedha. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Anayefungua msingi Februari anacheza kamari, kwani kifusi kilicholowa hakishindiliki na kilichochukuliwa na maji hununuliwa upya. Changisheni kuanzia Januari, malizeni vipimo na vibali wakati wa mvua, ambapo pia mtaona kwa macho maji yanapopita, kisha mitambo iingie Juni. Mkichelewa mpaka Septemba, subirini kama kazi haiwezi kufungwa kabla ya vuli.

Barabara ikishakabidhiwa, kipindi cha matazamio kivuke masika moja kamili. Mwaka mmoja unatosha. Mvua ikinyesha sana, watu wa kamati na mhandisi watembee mtaa mzima, wapige picha kila panaposimama maji, kila kitofali kilichozama na kila mtaro uliojaa mchanga, kisha orodha iende kwa mkandarasi kwa maandishi na tarehe. Akirekebisha, apewe ile asilimia 10 yake siku hiyohiyo, bila kuzungushwa. Asiporekebisha, fedha hiyo ndiyo ya kumlipa fundi mwingine, na mkataba uwe umesema hivyo tangu mwanzo.